Leja yenye safu tatu

Mimi ni karani wa ghala hapa Makambako. Mahindi yanaingia, mahindi yanatoka. Msimu ukikubali hupita pia alizeti ya Wanging'ombe na viazi vya Njombe, vile vya lumbesa, gunia limevaa kofia juu ya kofia mpaka wapakuaji wanatukana. Mzee aliyeniachia kiti hiki alinifundisha jambo moja kabla hata hajanionyesha funguo zinapokaa: usiandike tarehe moja. Kila mzigo una siku ulipoondoka na siku ulipofika, na katikati ya siku hizo mbili ndipo gunia linapotoboka, turubai linapovuja, dereva analala Mikumi na kuamka na hadithi. Kwa hiyo leja yangu ina safu ya "Ilitumwa", safu ya "Imepokelewa", na safu nyembamba ya tatu, "Upungufu". Hiyo ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi.

Historia niliyosoma sekondari ilikuwa na safu moja tu. Mwalimu aliandika ubaoni 1884, Berlin, 1914, vita, 1919, Versailles, sisi tukaimba kama kwaya, mtihani ukapita, tukatawanyika. Nimeirudia ukubwani, usiku, simu mkononi, wakati nasubiri lori ambalo limesema liko Mafinga tangu saa kumi jioni. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba tulifundishwa tarehe za kutuma peke yake. Lini mzigo ulitufikia huku juu, na ulifika na gunia ngapi, hakuna aliyeandika ubaoni.

Nianze na tarehe 11 Novemba 1918, maana kila mtoto wa shule anaijua. Saa tano asubuhi bunduki zilinyamaza Ulaya. Siku hiyo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa Rodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na jeshi lake, anaendelea na vita kama kawaida. Mwishoni mwa Septemba alikuwa amevuka Ruvuma akitokea Msumbiji. Akapita Songea, Oktoba akapanda hadi Njombe. Huku Ubena akamwacha jenerali wake mmoja, Wahle, ambaye alikuwa mgonjwa hawezi kuendelea. Kisha akageukia magharibi, akapita Mbozi, na tarehe 1 Novemba alikuwa Fife, ng'ambo kidogo tu ya Tunduma ya leo. Njiani homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima mwaka ule iliingia msafarani mwake, nayo haikuuliza nani Mjerumani nani mpagazi.

Vita iliisha Jumatatu. Yeye alipata habari kamili Alhamisi, tarehe 14, penye mto Chambeshi, pale hakimu wa Kiingereza aitwaye Hector Croad alipomjia na bendera nyeupe na simu ya maandishi. Hata baada ya hapo ilibidi watembee mpaka Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, wakaweka silaha chini tarehe 25. Vita ya dunia ilichukua wiki mbili zaidi kumalizika upande wetu. Wazungu waliosalimu amri walikuwa 155, askari zaidi ya 1,100, na nyuma yao mkia mrefu wa wapagazi, wanawake na watoto.

Mkia huo ndio nataka kusimama nao kidogo, kwa sababu ni biashara yangu. Nilipiga hesabu siku moja nyuma ya risiti. Mpagazi anabeba unga wa kilo 25 hivi. Naye ni mtu, anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na mbili na kurudi siku kumi na mbili, amekula kilo 24 na aliyetumiwa amepata kilo moja. Ili kilo nyingi zifike mbele, unahitaji wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi wanaobeba chakula cha askari. Hapo ndipo utaelewa kwa nini Waingereza walizoa watu kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na huku kwetu, na kwa nini waliokufa upande wao pekee hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria, baridi na njaa. Risasi iliua wachache. (Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa jeshi hilo la wapagazi. Watu wananunua nguo pale kila siku juu ya jina hilo.)

Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Jenerali Northey wa Waingereza alikuwa amepanda kutoka Nyasaland katikati ya 1916, Iringa ikaangukia mikononi mwa watu wake tarehe 29 Agosti mwaka huo, na baada ya hapo kila kijiji upande wa Lupembe kikadaiwa vijana. Wabebaji waliokuja na Northey waliitwa tengatenga, na bibi yangu alilitumia neno hilo hilo: "Walimchukua tengatenga." Alikuwa na mke na mtoto mmoja anayetambaa, ndiye babu yangu. Ameondoka, basi. Hakuna barua, hakuna mwenzake aliyerudi akasema nilimzika mahali fulani. Mkewe alikataa kwa miaka kunyolewa nywele za msiba, akisema hamnyoi mtu kwa maiti ambayo hamjaiona.

Upande wa pili, wa askari waliompigania Mjerumani, kuna mzigo mwingine uliochelewa. Mishahara yao ya mwisho haikulipwa vita ilipokwisha. Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuilipa mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck mwenyewe. Miaka 46! Inasimuliwa kwamba wazee mia kadhaa walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti, basi afisa aliyeleta fedha akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Kama karani ninamwelewa yule afisa, maana na mimi nimewahi kuletewa wadai wasio na hati. Ila nikifikiria mzee wa miaka sabini anabebeshwa ufagio begani ili alipwe deni la ujana wake, naona afadhali angelipa tu.

Sasa Kalenga.

Kutoka Iringa mjini hadi Kalenga ni mwendo mfupi wa bodaboda, ukishuka bonde la Ruaha Mdogo. Nilikwenda na watoto wangu wawili wakati wa likizo ya Juni, baridi ya kukata masikio. Kwenye jumba dogo la makumbusho, ndani ya kioo, kuna fuvu. Hilo ndilo liitwalo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akamuua Emil von Zelewski, yule Mjerumani ambaye watu walimwita Nyundo, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani walirudi 1894 na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka mwishoni mwa Oktoba, Mkwawa akatoka na kuwasumbua porini kwa miaka mingine karibu minne. Tarehe 19 Julai 1898, Mlambalasi, akajipiga risasi wasimpate hai. Wakamkata kichwa, kikapelekwa.

Hapo ndipo dunia nzima inaingia. Mkataba wa Versailles uliosainiwa tarehe 28 Juni 1919 una ibara 440. Humo kuna mipaka ya Poland, kuna fidia, kuna makaa ya mawe na manowari. Na kuna ibara ya 246, isemayo kwamba Ujerumani itaikabidhi Serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Aliyelipigania hilo alikuwa Horace Byatt, Mwingereza aliyekuwa akisimamia nchi hii baada ya Mjerumani kuondolewa; alitaka Wahehe waone kwamba bwana amebadilika. Ibara hiyo hiyo inadai pia Msahafu wa Khalifa Othman uliotolewa Madina, urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu ghalani. Mababu zangu Wabena, ambao walipigana na Wahehe wakachoka, wangeshangaa kuona jirani yao ametajwa Paris katika mstari mmoja na Msahafu.

Muda uliowekwa ni miezi sita tangu mkataba uanze kufanya kazi. Ulianza kufanya kazi tarehe 10 Januari 1920, kwa hiyo mzigo ulitakiwa Julai 1920. Ulipokelewa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Umechelewa miaka 34 kasoro wiki tatu.

Na sikiliza ulivyofika. Wajerumani walisema hawalijui fuvu hilo lilipo. Uingereza nayo haikusukuma sana. Wahehe walikuwa mbali na magazeti ya London hayakuwa na nafasi. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua jambo hili. Mwaka 1953 akaenda Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu kwa maelfu, wakamtengea yale yaliyotoka Afrika Mashariki. Vipimo vya kichwa vya ndugu wa Mkwawa vilikuwa vimechukuliwa, vikalinganishwa, na fuvu moja lilikuwa na tundu la risasi. Likachaguliwa hilo. Mwaka uliofuata Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Kwenye hati za mizigo kuna maneno madogo ambayo wasafirishaji huyapiga muhuri chini: yaliyomo hayakukaguliwa. Maana yake mimi nimepokea gunia, ya ndani siyajui. Wanahistoria wameshaandika kwamba uchaguzi wa Bremen hauwezi kuthibitisha kitu. Binti yangu, wa darasa la nne, alisimama mbele ya kile kioo akauliza kwa sauti ya kusikika jumba zima, "Baba, ni yeye kweli?" Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi, kofia mkononi, akamjibu kwa upole: "Mjukuu wangu, tulimpokea tukijua ni yeye." Sikuwa na la kuongeza. Nimeliandika kwenye leja yangu ya nyumbani: imepokelewa. Safu ya upungufu nimeiacha na penseli.

Ukigeuza ukurasa wa mkataba ule unakutana na ibara ya 247, na hapo kichwa kiliniuma zaidi. Inasema Ujerumani itairudishia Ubelgiji vitabu badala ya vile vya maktaba ya chuo kikuu cha Leuven, ambayo jeshi lake liliichoma Agosti 1914, na pia mbao za michoro ya ndugu Van Eyck zilizokuwa Berlin, sehemu ya picha kubwa ya Kuabudiwa kwa Mwanakondoo katika kanisa la Ghent. Mbao hizo zilikuwa zimenunuliwa kihalali karne iliyotangulia. Zilirudi Ghent mwaka 1920. Ibara mbili zinafuatana, karatasi moja, saini zile zile: picha ya kondoo ikafika ndani ya mwaka, kichwa cha mtu kikasubiri miaka 34.

Lakini kondoo yule alinipeleka kwingine. Mke wangu ni wa Rungwe, Mmoraviani wa kuzaliwa, na kwenye kitenge chake cha kwaya kuna muhuri wa kanisa lao: mwanakondoo amebeba bendera. Nilimuuliza Moravia ni wapi. Akasema, "Si kwetu Rungwe?" Tukacheka, kisha tukatafuta pamoja, na njia ikatufikisha kwa Jan Hus, wa nchi ya Wacheki.

Jan Hus alikuwa padre na mwalimu wa chuo kikuu cha Prague, aliyehubiri kwa Kicheki ili mama muuza samaki aelewe, na aliyekasirishwa na biashara ya kuuza misamaha ya dhambi. Mwaka 1414 akaitwa kwenye mtaguso wa Konstanz. Mfalme Sigismund akampa barua ya kumlinda njiani, aende na kurudi salama. Akaenda. Akafungwa, akahukumiwa, tarehe 6 Julai 1415 akachomwa moto akiwa hai, majivu yake yakatupwa mto Rhine ili wafuasi wasipate hata cha kuzika. Mnasikia? Watu wa kwenye mkutano ule na wale wa Mlambalasi wasingekosa la kuzungumza.

Waliobaki nyuma yake wakaanzisha umoja wao 1457, wakapigwa, wakafichama kwa vizazi, na 1722 mabaki yao wakapata hifadhi Herrnhut, kwenye shamba la kabaila Zinzendorf huko Saksonia. Miaka kumi baadaye tayari wanatuma wamisionari visiwa vya Karibi. Mwaka 1891, mwaka ule ule wa Lugalo, wakafika Rungwe. Kwa hesabu yangu, mahubiri yaliyozimwa kwa moto Konstanz yalichukua miaka 476 kufika kwao mama mkwe wangu, ambaye siku hizi anayarudia kwa Kinyakyusa kwa sauti ambayo hata moto usingeithubutu. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka masikitiko yake juu ya kifo kile Desemba 1999. Habari zilifika Rungwe kabla hazijafika Roma.

Reli ya TAZARA nitaipita haraka, ingawa stesheni iko pua na mdomo na ghala langu. Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rodesia tarehe 11 Novemba 1965 (tarehe hiyo tena!), Zambia ikabanwa na shaba yake, nchi za Magharibi zikasema reli haina faida, China ikasema sawa. Kilomita 1,860, ujenzi 1970 hadi 1975, na Wachina zaidi ya 60 waliofia kazini hawakurudi kwao. Ndio mzigo pekee kwenye leja yangu ya historia uliofika kabla ya siku iliyopangwa, na kwa hilo nawavulia kofia.

Ifunda nilifika kwa bahati mbaya. Basi nililopanda kutoka Iringa lilikata mkanda wa feni, konda akatuambia dakika ishirini, tukakaa saa tatu. Nilinunua mahindi ya kuchoma, nikamwamkia mzee aliyekaa kwenye gogo.

"Kamwene, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mmekwama?"

"Tumekwama."

"Hapa watu hukwama," akasema. "Hata Wapolishi walikwama hapa. Mimi nilikuwa mdogo, baba yangu aliwauzia mayai."

Nilidhani mzee anachanganya. Hakuchanganya. Mwaka 1940 Stalin aliwapakia Wapolandi wa mashariki kwenye mabehewa ya ng'ombe, familia kwa familia, akawapeleka Siberia na Kazakhstan. Hitler alipomgeuka Stalin mwaka 1941, ghafla Wapolandi wakawa marafiki, wakaachiwa. Mwaka 1942 wakavushwa bahari ya Kaspi hadi Iran, wamekonda, wana taifodi. Wanaume wakaingia jeshini, wanawake, watoto na mayatima wakatafutiwa pa kukaa. Maelfu wakaletwa Afrika. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea kama 5,000. Mamia wakaletwa nyanda hizi: Ifunda, na Kidugala kule Njombe, kwenye misheni ya zamani ya Wajerumani. Wakajenga shule, kanisa, wakalima bustani. Watoto waliokuwa wakila magome ya miti Siberia wakala mapapai.

Vita iliisha 1945, na wao hawakuwa na pa kurudi. Kule Yalta, Februari mwaka huo, wakubwa watatu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba nchi ya mashariki walikotoka itakuwa ya Urusi. Wakaendelea kukaa huku miaka mingine, wakiandika maombi, mpaka wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Ifunda ikageuka shule ya ufundi, na ni shule hadi leo. Makaburi yao yapo.

"Walikuwa wanangoja nini, babu?"

"Barua," akasema. "Kila gari la posta likija, wanakimbia barabarani wote, na wazee wao. Baba alisema ukitaka kuwauzia mayai usiende siku ya posta."

Konda akapiga honi. Mkanda umepatikana, wameuazima kwa lori la mbao.

Mwaka jana alikuja mkaguzi wa hesabu, kijana, suruali imenyooka kuliko rula. Alipekua leja zote, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimeacha mezani ile yangu ya nyumbani. Akafungua. Akaona: fuvu, ilitumwa, imepokelewa. Barua ya amani, Chambeshi. Akaendelea mpaka mstari wa chini kabisa: jina la baba wa babu yangu, Lupembe, ilitumwa 1917. Mbele yake wazi.

"Mzee, hii ni nini?"

Nikamwambia. Alinyamaza muda, kalamu nyekundu mkononi.

"Kwa taratibu," akasema, "ikipita siku tisini unaandika hasara, wanasaini wawili."

"Bibi alikataa kusaini."

Akaifunga taratibu, akaisogeza pembeni, mbali na zile nyingine.

"Nipe ya maharage."